Wali Uliokataliwa Kimya Kimya

Kila asubuhi Bi Sukemi aliwakamua ng'ombe wake watatu, kisha lori la ushirika likaja kuchukua maziwa. Samadi aliisukuma kwa maji hadi kwenye shimo nyuma ya zizi. Shimo lilikuwa na kuta za saruji na kifuniko kisichopitisha hewa. Bomba jembamba lilitoa gesi humo hadi jikoni. Aliwasha kiberiti tu, na moto wa bluu ukawaka. Kwa miezi mitatu hakuwa amepanda mlima kutafuta kuni, na kikohozi chake cha moshi kilikuwa kimekwisha.

Kitongoji chote cha Sumberlumut kilijua kwamba Bi Sukemi ndiye mpishi wa kenduri. Kwa miaka ishirini hakuna mtoto aliyezaliwa, wala maiti aliyezikwa, ila yeye ndiye aliyepika wali. Lakini katika miezi hiyo mitatu kenduri mbili zilipita bila yeye.

"Safari hii upumzike, mama," walimwambia. "Umechoka kwa ajili yetu."

Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya pili alianza kujiuliza.

Basi mumewe, Mzee Jumadi, alipofanya kenduri ya kuwaombea wazazi wake, Bi Sukemi alipika kwa moyo wote. Wanaume walikuja, wakaomba dua, wakachukua vyakula vyao katika vikapu kwenda navyo nyumbani, kama ilivyo desturi. Kila mmoja alishukuru. Asubuhi yake Bi Sukemi alikwenda kwa jirani yake, Bi Ngatini, kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akakuta bata wanagombea wali wa manjano. Aliutambua wali wake hata kabla hajainama.

"Bata wako wamepata kenduri, jirani," alisema.

Bi Ngatini, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, aliwafukuza bata haraka. "Ah, ulibaki kidogo tu, shoga."

"Ulibaki na paja la kuku?"

Bi Ngatini alitazama miguu yake. Bi Sukemi aliondoka bila mbuzi ya nazi. Aliumia, lakini zaidi ya kuumia alitaka kujua. Wali ulikuwa na kasoro gani?

Wiki hiyo Wening akaja. Alikuwa binti wa ofisi ya nishati mjini, aliyesimamia ujenzi wa lile shimo. Alionekana mnyonge.

"Bi Sukemi, mimi sielewi," alisema. "Nilitundika picha ukutani, nikaonyesha jinsi joto la dunia linavyopanda. Nikauliza, mmeelewa? Watu wote wakajibu nggih, ndiyo. Nikauliza, mko tayari kujenga? Wote nggih. Kaya arobaini! Umejenga wewe peke yako."

Bi Sukemi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, wewe umezaliwa mjini? Hapa mgeni haambiwi hapana. Ukiniuliza kama chai yako ya chumvi ni tamu, nitakwambia nggih."

"Sasa nitajuaje wanalowaza?"

"Mimi mwenyewe ndilo ninalotafuta. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kesho kutwa wanawake wanakuja kunisaidia kufunga tempe, soya ya kuchachusha, kwenye majani. Njoo. Lakini usilete picha, na usihutubie mtu. Kaa chini, ufunge tempe."

Wening alikuja. Alikaa mkekani na wanawake wanane, akafunga vibaya, akachekwa. Bi Sukemi alikuwa amebandika chungu cha wali kwenye moto wa bluu. Kwa muda mrefu walizungumza habari za wakwe na bei ya pumba za ng'ombe. Kisha Bi Ngatini akanyoosha shingo kuelekea jiko.

"We binti, hiyo hewa inatoka kwenye mavi kabisa?"

"Kabisa," Wening alijibu. "Samadi ikioza mahali pasipo hewa hutoa gesi. Ni kama tumbo lako ukila maharage."

Wanawake waliangua kicheko. Baada ya hapo maswali yakaja yenyewe. Hainuki? Njoo unuse. Hailipuki? Ikivuja utasikia harufu mbaya, basi funga bomba, fungua madirisha, usiwashe kitu. Na inahusiana nini na hali ya hewa?

"Samadi ikirundikana nje, ile gesi inapaa," Wening alisema. "Huko juu inashika joto kama blanketi. Ukiichoma jikoni, nguvu yake inapungua sana. Na miti ambayo hukuikata kuni mlimani inashika udongo."

"Kweli, mvua siku hizi zimechanganyikiwa," mwanamke mmoja alisema. "Mwaka jana zilipukutisha maua yote ya kahawa yangu. Na ule mteremko tulikokata miti ukaporomoka."

Hapo Bi Ngatini akaliweka chini jani lake.

"Basi niseme, maana hapa hatuna mgeni. Mavi ni najisi. Chakula kilichopikwa kwa hewa ya mavi, nakilaje?"

Wanawake wote waliinamisha vichwa. Kumbe ndilo hilo! Miezi mitatu walimkwepa, na hakuna aliyemwambia.

"Hilo silijui," Wening alisema. "Najua gesi, sijui dini. Tumuulize anayejua."

Wakamwita Kiai Mahfud, imamu wa kitongoji. Alikuja, akainama, akanusa moto. Akashika sahani nyeupe juu yake, akaigeuza. Ilikuwa safi. Akaenda kulitazama shimo, akarudi.

"Kinyesi kimebaki shimoni," alisema. "Kilichofika hapa ni moto, na moto haukugusana na wali. Mpunga wenyewe tunaulima kwa samadi, na tunaula. Mimi sioni najisi hapa."

"Mbona hukusema zamani, Kiai?" Bi Sukemi aliuliza.

Mzee alikohoa. "Hakuna aliyeniuliza. Na mke wangu... wali wako aliwapa kuku. Nilidhani yeye ndiye anayejua."

Bi Ngatini alicheka hadi machozi. Kisha akainuka, akachota wali wa moto chunguni kwa kiganja, akala akiwa amesimama. Akachota tena.

Wening alitoa daftari. Safari hii hakuuliza kama wameelewa. Aliuliza, "Bi Ngatini, nini kinakuzuia kujenga?"

"Sijengi," Bi Ngatini alijibu waziwazi. "Nina ng'ombe mmoja tu. Samadi yake itatosha?"

"Haitoshi. Ahsante kwa kuniambia."

"Si alete samadi yake kwangu?" Bi Sukemi alisema. "Shimo langu lina nafasi. Bomba lipite uani hadi kwake, na mbolea inayobaki tugawane."

Wening alipima ua kwa hatua, akasema inawezekana. Katika mwezi mmoja bomba lilifika. Wanawake wengine watatu nao walieleza vizuizi vyao, na wawili wakaanza kuchimba pamoja.

Siku moto wa bluu ulipowaka jikoni kwa Bi Ngatini, alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwa jirani yake, ameshika mwiko mkubwa wa kenduri kwa mikono miwili.

"Binti yangu ametimiza miezi saba ya mimba," alisema. "Ijumaa ni kenduri ya kumwombea, nina watu sitini. Jiko ninalo, shoga. Mpishi sina."

Bi Sukemi aliupokea mwiko, akaanza kuhesabu kuku.