Mtu wa Tano Nyumbani kwa Kagure

Kagure alikuwa akimenya viazi mlangoni, karai kati ya miguu, Murugi alipokuja mbio kutoka barabarani.

"Mami, mtu wa kuhesabu watu amefika kwa jirani!"

Ilikuwa Agosti 1969, nje kidogo ya Mweiga. Watiri, mama mkwe wa Kagure, alijitemea mate kifuani kufukuza mkosi. "Hata mbuzi hatuhesabu, sembuse watu."

Kagure aliendelea kumenya. Mumewe, Wamae, alikuwa amechukuliwa na mto miaka miwili kabla, na mwili haukupatikana. Mara saba Kagure alikwenda ofisini kuomba cheti cha kifo, ili shamba liandikwe kwa jina lake kabla mashemeji hawajaligawana. Mara saba karani Gicheru alimjibu vilevile: bila mwili, kwa serikali Wamae yu hai.

Na ni Gicheru huyo aliyeingia uani na daftari na chaki.

"Nani walilala hapa jana? Sheria ni wote, usifiche hata mmoja."

"Mimi na mama. Murugi na Ngatia. Na Wamae."

Gicheru aliinua kichwa. "Wamae gani?"

"Yule uliniambia yu hai. Mtu hai hulala kwake. Ama unataka nidanganye serikali?"

"Mama Murugi, usinichezee."

"Basi andika amekufa, utie sahihi. Nitakupikia chai ya maziwa matupu."

Gicheru alitafuna kalamu. Kisha akaandika watano, na kuchora tano mlangoni kwa chaki.

Alipoondoka Kagure alicheka. Kesho angekwenda kwa Bwana Dii-Oo, mkubwa wa Gicheru: ama wamwonyeshe huyo mume, ama watoe cheti.

"Umemtaja pamoja na walio hai," Watiri alinong'ona. "Ati unacheka?"

Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Nyandarua harufu ya tope la mtoni ilipoingia jikoni. Kuku wakanyamaza. Nje vikasikika viatu vilivyojaa maji, vikipita zizi, vikipita pipa la mvua, polepole, kama vya mtu aliyechoka ambaye hana shaka anakokwenda, na Kagure akachukua kitambaa akasugua ile chaki, akasugua mpaka vidole vikachubuka na rangi ya mlango ikabanduka, na tano ikabaki nyeupe palepale.

"Mama," alinong'ona, "mwambie arudi."

"Arudi wapi? Umemwandikisha hapa."

Mlango ulisukumwa. Ngatia, ambaye hata sura ya babake hakuikumbuka, alisogea kwenye benchi akampisha.

Watoto walikuwa na njaa, kwa hiyo Kagure alipakua irio ya viazi na mahindi. Sahani ya Watiri, ya Murugi, ya Ngatia, yake. Ya tano ilipokelewa na mkono baridi, mchanga umejaa chini ya kucha.

Cheti, alijua, hakitatoka kamwe. Aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Wote walikuwepo.