Cheti cha Ubatizo cha Taprandich

Sogeeni karibu na moto, nyote. Wewe uliyeshika gunzi la mahindi, liweke chini. Nyamazeni mpaka msikie majani ya chai yakidondosha maji huko nje, maana haya hayasemwi juu ya kelele.

Ilianza na chafya. Chepkurui alikuwa peke yake katika ofisi ya kanisa kule Boito, saa nane mchana, mwaka wa tisini na sita, mvua ya mawe ikipiga mabati, mimba yake imeingia mwezi wa tisa. Mtu akapiga chafya nyuma yake. Akageuka. Aliona viti, ngoma ya kwaya, na ukuta. Hakukuwa na mtu, ila harufu ya ugoro.

Ugoro, ofisini kwa pasta!

Wageni walikuwa wameliletea kanisa kompyuta, na Chepkurui, aliyesomea kazi hiyo Kericho mjini, alichoka kupiga vyeti vya ubatizo kimoja kimoja. Akaandika maneno ya cheti mara moja tu, na ndani ya sentensi akaacha mifuko: huu wa jina la mtoto, huu wa jina la mama, huu wa siku ya kuzaliwa. Ukitia jina mfukoni, sentensi inalimeza na kulisema kama lilikuwa lake tangu mwanzo. Mfuko wa mwisho ulikuwa na akili zaidi. Ulifanya hesabu wenyewe, tarehe ya leo ukitoa tarehe ya kuzaliwa, ukasema mtoto ana siku ngapi.

Kabla ya kutia watoto wa watu alitaka kujaribu. Akatafuta jina ambalo hakuna mtoto analo Boito nzima, lisije likachanganyika na cheti cha kweli. Likamjia moja alilolisikia mara moja tu kwa kina mumewe: Taprandich. Akalitia mfuko wa kwanza, mingine akaiacha tupu, akabonyeza. Hapo ndipo chafya ilipopigwa.

Printa ikakwaruza, karatasi ikatoka: “Mtoto Taprandich, binti ya Chepkurui, ana siku -9.”

Tisa yenye kistari mbele. Yaani bado siku tisa azaliwe.

Mokeira, mfagiaji wa kanisa, mtu wa Kisii, aliisoma akacheka. “Dada, mashine yako imelewa? Hata kwetu mtoto hungoja kwanza azaliwe ndio abatizwe!”

“Mokeira, ni wewe umepiga chafya?”

“Mimi? Si ndio naingia, ona nilivyolowa.” Kisha kicheko kikamwisha. “Na huu ugoro ni ya nani?”

Kesho yake Chepkurui alitia jina la Joan. Likatoka Taprandich, siku -8. Akatia Mathew. Taprandich. Akafuta kazi yote, akachomoa waya ukutani, akaketi akiishika mimba kwa mikono miwili, na printa ile isiyo na umeme ikaanza kukwaruza polepole kama kucha kwenye mlango, na mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza tangu asubuhi, akatulia kimya kama mtu anayesikia anaitwa.

Akaenda kumwambia Kogo Chepkosgei, nyanya ya mumewe Kipruto. Alimkuta mama huyo wa miaka themanini akipanga kuni.

“Nani alikwambia uite hiyo jina?” Kogo alinong'ona.

“Sikuita, kogo. Niliandika tu.”

“Mtoto wetu akizaliwa tunafanyaje? Tunamwekea ugoro puani, tunataja waliokufa mmoja mmoja. Yule anayetajwa mtoto akipiga chafya, huyo ndiye amerudi ndani yake. Wewe uliacha mahali pa kuingia, ukataja jina, akapiga chafya. Kuita ni nini kingine?”

“Nilichagua kwa sababu hakuna mtu analo.”

“Na hukuuliza kwa nini hakuna?”

Taprandich alikuwa mke mwenza wa Chepkosgei. Hakuzaa. “Watoto wangu wawili wa kwanza aliwabeba akiwaimbia,” Kogo alisema. “Akanirudishia wakiwa baridi. Kila mtoto akizaliwa, jina lake tunaliruka.”

“Tumfukuze, kogo! Kabla hajaingia kwa mtoto wangu!”

“Umemwita mwenyewe, hatoki hivi hivi. Tutamhamisha.”

Siku ilipofika -1, ukungu ulishuka mchana hata mashamba ya chai yakapotea dirishani. Kogo akaketi mbele ya kompyuta na pembe yake ya ugoro. Chepkurui akarudisha waya ukutani, na cheti alichokuwa amekifuta kikajitokeza chenyewe.

“Huo mfuko wa mama. Tia Chepkosgei.”

“Kogo, hapana.”

“Mimi nimezeeka. Nitambeba. Tia!”

Chepkurui akatia, na chafya ikapigwa nyuma yao, kisha kando yao, kisha ndani kabisa ya kifua cha yule mzee, na karatasi ikatoka ikisema Taprandich ni binti ya Chepkosgei, na mtoto tumboni mwa Chepkurui akarusha teke la nguvu kama aliyefunguliwa kamba.

Kogo akajishika tumbo. “Ameshapanda,” akasema. “Ni mzito.”

Asubuhi walimkuta amekufa kitandani, tumbo limeinuka kama la mjamzito, gauni limelowa maziwa kifuani. Asubuhi hiyo hiyo Chepkurui alijifungua msichana mzima. Wanawake wakaweka ugoro, wakataja majina. Mtoto kimya. Wakataja ukoo wote. Kimya. Mmoja akasema kwa machozi, “Chepkosgei.”

Mtoto akapiga chafya. Wakashangilia kwamba Kogo amerudi. Chepkurui peke yake hakushangilia. Ile karatasi ya Taprandich binti ya Chepkosgei ilikuwa bado chini ya mto wake.

Basi, wakagawana. Kipruto akarithi mistari ya chai ya Kogo. Shule moja upande wa Sotik ikarithi kompyuta. Chepkurui akarithi pembe ya ugoro, ambayo hajaifungua. Na mtoto akarithi jina, na yule aliyeandikwa chini ya jina hilo. Alipofika miaka mitatu alikuwa akifunga gunzi la mahindi mgongoni kwa leso, akilibembeleza, akiliita Taprandich. Hakuna aliyewahi kumtajia.