Aliyejaza Diski ya Kitinda

"Elfu sitini nilikupa Jumatatu. Leo Jumamosi unataka elfu sitini nyingine? Fundi, mimi nimefanana na benki?"

"Sijaomba hata senti, Mwalimu. Nimesema nikianza kutafuta upya, bei ni ileile. Usinipandishie sauti mbele ya mkeo kama mtu aliyekuibia kuku."

"Halafu hii diski ni ya gigabaiti mia tano. Kwenye kioo inasoma mia nne sitini na tano. Hizo thelathini na tano nani kazila?"

"Hilo nilishakueleza. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, mashine inahesabu kwa elfu moja ishirini na nne. Si wewe ndiye uliyefundisha hesabu miaka thelathini?"

Mwalimu akavuta pumzi kwa pua. Alikuwa amesimama kizingitini mwa chumba cha binti yake. Hakuingia. Tangu msiba, miezi minane, huwa anaishia hapo hapo kwenye kizingiti, kama chumba kina maji.

Fundi aligeuka akatazama kioo. Mtaani walimwita Fundi Kavu kwa sababu maneno yake hayakuwa na mafuta. Hakusomea popote, alijifunza kwa kufungua mashine zilizotupwa jalalani. Mashine ikimshinda alisema imenishinda, akarudisha hela. Ndiyo sababu siku hiyo hasira zake zilikuwa karibu. Kuna jambo hakuwa amelisema. Ile Jumatatu alikuta diski imejaa pomoni, akaanza kufungua folda moja moja, na kabla hajafuta kitu cha maana nafasi ikarudi yenyewe. Gigabaiti mia tatu sabini, pu! Alifikiri ni mashine imejisafisha. Akachukua hela akaenda zake.

Sasa wazi zilikuwa zimebaki mbili tu.

Akaanza upya, polepole. Picha za familia, masomo ya binti, michezo miwili, na programu za kompyuta yenyewe. Akajumlisha kwenye karatasi: tisini na tatu. Pipa la taka lilikuwa tupu. Akaonyesha mafaili yaliyofichwa, hakuna. Akaangalia nakala ambazo mashine hujitunzia kwa siri, nazo hazifiki mbili. Akaipima diski yenyewe isije ikawa imeoza. Nzima kabisa. Mia tatu na sabini zilikuwa zimekaliwa na kitu, na kitu hicho hakikuwa popote.

"Fundi," mama mwenye nyumba akasema. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tepu ya kupimia nguo shingoni. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikuwa sebuleni. "Mimi hizo gigabaiti sizijui. Kilichonifanya nikuite ni hiki. Hebu bonyeza hapo, hilo faili la sauti."

"Lina nini?"

"Ni Kitinda."

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani la binti huyo, maana ndiye aliyefunga tumbo. Alienda chuo mji wa mbali, akatuma sauti siku ya kwanza. Mwezi wa tatu aliugua, na safari ya kurudi hakuifanya kwa miguu yake. Simu iliyopokea ujumbe ule iliibiwa. Bahati nzuri Mama Kitinda alikuwa ameuhamishia humu. Sauti yake haikuwepo mahali pengine popote duniani.

"Ilikuwa sekunde arobaini na moja," mama akasema. "Naijua kwa moyo. 'Mama, ni mimi, nimefika. Chumba ni kidogo lakini kina dirisha. Kitanda kinapiga kelele kama cherehani yako mbovu. Nauli imepanda, lakini nitakuja. Baba asikae macho, mwambie alale. Siku nikija usiku nifungulieni mlango wa nyuma. Haya, lala.' Ndivyo ilivyo. Sasa bonyeza usikie."

Fundi akabonyeza. Sauti ya msichana ikatoka, changamfu, na kwa nyuma yake mtu alikuwa akiburuta begi. Mama, ni mimi, nimefika. Chumba ni kidogo lakini kina dirisha. Kitanda kinapiga kelele kama chere...

Kimya.

"Jumanne lilikatika lile 'haya, lala'. Jumatano likaondoka la mlango. Inaliwa kutoka mkiani, Fundi. Kila siku inaliwa. Nikomboleeni hata hicho kilichobaki."

Fundi alitaka kusema faili limeharibika tu, jambo la kawaida. Lakini faili likiharibika hukwaruza na kurukaruka. Hili lilikuwa limekatwa kama kitambaa kwa mkasi.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," akasema bila kugeuka. "Ile elfu sitini sikuifanyia kazi. Nafasi ilirudi yenyewe. Ni kama kilichokuwemo kiliniona, kikatoka, nilipoondoka kikarudi."

"Kilichokuwemo nini?"

"Ningejua ningekuwa nimeshakitaja."

Akazima mashine, akachomeka fleshi yake yenye programu ya kuwashia kompyuta kutoka nje, ili diski isomwe ikiwa imelala. Nje jua lilikuwa linashuka na chumba kimeanza kuwa na kivuli. Hapo ndipo aliposikia harufu. Si ya waya kuungua, hiyo anaifahamu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni kabla hazijakauka.

Folda ilikuwepo. Haikuwa na jina. Mahali pa kuandika mwenye folda palikuwa patupu kabisa. Ndani yake mlikuwa na rekodi, moja kwa kila jioni, kuanzia wiki iliyofuata mazishi, na kila moja imeanza jua likizama na kuendelea mpaka asubuhi.

Akafungua ya kwanza iliyomjia. Akasikia chumba hiki hiki. Akasikia faili la Kitinda likichezwa, *Mama, ni mimi*, na papo hapo akasikia sauti ya mwanamke aliyeketi nyuma yake, ikiitika kwa upole:

"Abee, mwanangu. Karibu ndani."

Fundi akasimamisha. Akageuka.

"Mama, ulikuwa unaitika?"

Mama Kitinda alishika tepu yake kwa mikono miwili. "Nikimaliza kushona nakuja hapa namsikiliza. Ananiita. Mtoto akikuita utakaa kimya? Nilikuwa namwitikia na kumkaribisha, basi. Nikamwachia na hiyo maikrofoni yake imechomekwa, labda anasikia."

"Kila siku?"

"Kila jioni, baba. Sikukosa hata moja."

Ile maikrofoni ilikuwa inaning'inia pembeni ya kioo, mdomo wake umeelekea kitandani. Fundi akairudia rekodi, akaipeleka mbele. Mlango ukafungwa, mama ametoka. Kisha, katika chumba ambamo hamkuwa na mtu, kitanda kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapokaa. Halafu pumzi. Pumzi tu, ndefu, ya kitu kilichopata mahali pa kupumzika baada ya safari, na kikakaa hapo kikipumua usiku kucha, usiku baada ya usiku, miezi minane, huku mama mtu amelala chumba cha pili akifikiri ameacha nyuma yake kumbukumbu tu.

Akafungua ya Jumanne wiki ile. Pumzi zikasimama. Kitu kikajaribu mdomo.

"Lala," kikasema, kwa sauti ya Kitinda. "Haya. Lala. Lala. Lala."

Ya Jumatano kilikuwa kimeongeza. "Nifungulieni. Mlango wa nyuma. Nifungulieni." Ya Alhamisi: "Baba. Alale. Baba alale."

Kizingitini Mwalimu alishika mwimo wa mlango. Tangu wazike hakuwahi kupata usingizi wa maana, mkewe alikuwa shahidi. Lakini tangu Alhamisi, jua likizama tu, alikuwa akidondoka kitini kama gunia mpaka asubuhi, akamshukuru Mungu kwamba huzuni imeanza kumhurumia.

"Inamla ili ipate kusema," Mwalimu akanong'ona. "Haina maneno yake. Inatumia ya mtoto."

Ya jana usiku Fundi hakutaka kuifungua, ila mkono ulikuwa umeshafungua, na kile kilichotoka hakikuwa tena cha kujaribujaribu, kilikuwa na uchangamfu wote wa yule msichana, na ule mkokoto wa begi nyuma yake, kikisema, "Nitakuja. Nauli imepanda. Nitakuja. Nauli imepanda," kwa namna ya mpangaji anayehama.

"Nakili hicho kilichobaki!" mama akalia. "Fundi, haraka!"

Alinakili kwenye fleshi. Kwenye fleshi faili likasoma sekunde sifuri. Akanakili tena. Sifuri. Akatazama lile la kwenye diski: lilikuwa limeshuka kutoka sekunde kumi na moja hadi saba, na wao wanalitazama, nje giza linaingia, harufu ya nguo mbichi imejaa mpaka mtu anaionja ulimini.

"Dawa ni moja," Fundi akasema. "Tufute diski yote, na sauti ikiwemo. Neno la kwanza kwenye hilo faili ni 'Mama'. Ikilipata hilo, haitahitaji mashine kukuita."

"Siwezi! Nilishamzika mara moja!"

Ndipo Mwalimu alipovuka kizingiti. Alitembea kama mtu anayepima kina, akapiga magoti mbele ya mkewe kwenye zulia la mtoto wao.

"Mke wangu. Mimi pia nilikuwa nakuja. Nilikuwa nasimama pale mlangoni nikikusikia unamwitikia, natamani niitike na mimi, naona aibu. Futa."

"Nikifuta nitabaki na nini?"

"Na mimi. Si kitu kikubwa, najua."

Mama Kitinda alimtazama muda mrefu kuliko muda waliokuwa nao. Kisha akasogea kwenye kiti, na Fundi akamwonyesha pa kubonyeza. Mashine ikauliza, kama kawaida yake, una uhakika? Akaweka kidole juu ya kitufe. Sekunde nne. Tatu. Fundi alifungua kinywa amhimize, akaona haya, akakifunga. Mama alikuwa anasema kitu chini kwa chini, pengine anaaga, pengine anaomba msamaha. Sekunde ikawa moja, na alipobonyeza, Fundi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye ile namba, aliona kwamba ilikuwa imeshafika sifuri.

Diski ikafutika. Nafasi yote ikarudi, nyeupe. Fundi akang'oa waya ukutani, akang'oa na maikrofoni, akaviweka chini.

Walikaa gizani wakisikilizana pumzi, kila mmoja akihesabu za wenzake. Harufu ikapungua chumbani. Haikutoweka, ilipita katikati yao, ikatoka mlangoni, na walisikia ubao wa korido ukilia, kisha wa jikoni, kisha kitasa cha mlango wa nyuma kikizungushwa taratibu kutoka ndani, mlango ukafunguka, ukafungwa, na kwa muda ikawa kama kweli kimetoka.

Halafu nje, nyuma ya mlango ule, kikaita.

"Mama."

Ilikuwa yeye hasa. Hata ule mpando mdogo wa sauti mwishoni, wa mtoto anayetaka kitu na anajua atapewa.

Mwalimu akaziba mdomo wa mkewe kwa kiganja, maana midomo ilikuwa imeshajipanga kuitika. Miezi minane si mchezo. Mama akautoa mkono ule polepole. Akasimama, akavuka sebule, akapita cherehani yake, akafika jikoni. Wanaume wawili wakamfuata bila sauti. Hakushika kitasa. Aliweka kiganja juu ya ubao, na machozi yakimshuka mpaka kwenye tepu ya kupimia, akasema bila kutetemeka:

"Mimi sikukuita wewe. Hiyo sauti ni ya mwanangu. Irudishe."