Namba ya Marehemu Imejibu

Haya yalimpata Ashgan, jirani yetu pale mtaani Shubra. Nayasimulia kama alivyonihadithia, uso mkavu, macho makavu.

Ilikuwa mchana wa kawaida. Maharage yanachemka jikoni, redio ya jirani inaimba. Ashgan ndiye aliyegawa intaneti kwa jengo zima: laini moja, swichi moja ya kugawia nyaya sebuleni kwake, nyaya zinashuka ngazini hadi mlango wa kila mtu. Mpangaji akihama, anafuta jina lake kwenye orodha ya kompyuta yake. Jina la kaka yake, Nadim, hakulifuta. Nadim aliungua karakanani pamoja na kompyuta yake. Ashgan aliiona kwa macho yake, imeyeyuka kama mshumaa. Hakulia siku ile. Hakulia baadaye. Mwili mzima kama umepigwa ganzi.

Mama yao, Sitt Galila, tangu matanga hakuwa anakula. Amebaki mifupa. Mchana ule akachungulia skrini ya binti yake.

"Jina la Nadim limewaka kijani," akanong'ona. "Mwanangu yupo. Sili mpaka aje tule wote."

"Mama, mashine imekosea."

"Basi mwite."

Ashgan akaandika amri ya kuita mashine ya Nadim. Kwenye waya, mashine inayoita huuliza nyingine zote kwa mpigo: nani mwenye anwani hii? Mwenyewe tu ndiye hujibu, kwa namba aliyotoka nayo kiwandani. Kila mashine na namba yake. Namba mbili zikifanana kwenye waya mmoja, mtandao unavurugika.

Jibu likaja. Namba ya Nadim.

Ashgan hakushtuka. Aliwaza tu kwamba namba hizo hazivuki kwenda nje. Zinasikika kwenye waya wenu, basi. Kwa hiyo anayejibu yumo humu humu.

Akaanza kuchomoa nyaya za majirani, mmoja mmoja.

"We Ashgan!" Sauti ya Usta Bakhit, fundi kinyozi wa chini, ikapanda ngazini. "Penalti inapigwa unanizimia! Unataka nife?"

"Vumilia, usta!"

"Mke nimvumilie, na waya nao niuvumilie?"

Nyaya zote zikatoka. Ukabaki wa Ashgan peke yake.

Akaita tena.

Jibu likaja.

Hakuna mtu ngazini. Hakuna mashine nyingine. Akachomoa na wake. Akaita, waya ukiwa mkononi.

Jibu likaja.

"Anasemaje?" mama akauliza, taratibu.

Ashgan alimtazama. Mikono ya mama ilikuwa myembamba kama vijiti.

"Hakuna mtu, mama. Nadim amekufa. Kula."

Sitt Galila alipakua chakula. Kisha akavuta sahani, akamega mkate, akachovya maharage. Akala. Machozi yakimchuruzika, akala.

Ashgan akarudisha nyaya zote. Akaita mashine ya Bakhit ili ahakikishe imerudi.

Ikajibu. Kwa namba ya Nadim.

Akaita ya ghorofa ya tatu. Namba ya Nadim. Ya mwalimu wa juu. Namba ya Nadim. Akaangalia mashine yake mwenyewe, aliyokuwa akiitumia.

Namba ya Nadim.

Jengo zima, namba moja. Na hakuna kilichovurugika.

"Mungu akubariki, Ashgan!" Bakhit akapaza sauti kutoka chini. "Picha leo imetulia! Haijawahi kutulia hivi!"