Nyasi Kwenye Sakafu ya Jiko

Kijijini Rubafu, Benigna ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka kila siku. Alimfunga mtoto wake, Joanitha, mgongoni. Kisha akakoka moto na kubandika chai. Walipikia ndani ya nyumba, kwenye chumba cha nyuma, na moshi ulijaa mpaka sebuleni. Mama mkwe wake, Magdalena, alikohoa hadi machozi yakamtoka. Nyumbani walimwita Mae, maana yake mama.

Joackim, mume wa Benigna, alichoka kusikia kikohozi kile.

"Nitajenga jiko la nje," alisema. "Moshi ubaki huko huko uani."

Joackim ni mtu mwema, lakini akianza kazi haulizi mtu. Alisimamisha nguzo karibu kabisa na ukuta wa nyumba, ili mkewe asilowe mvua. Akazungushia matete, akayafunga kwa kamba za migomba, akaezeka nyasi. Mlango ulikuwa mmoja tu, na aliuelekeza ziwani.

"Upepo wa ziwa utausukuma moshi utoke," alisema. Hakujiuliza upepo huo ungesukuma kitu gani kingine.

Mae ndiye aliyemalizia kazi. Yeye alizaliwa kwenye msonge, nyumba ya duara ya Wahaya wa zamani. Kwake, nyumba isiyotandikwa nyasi sakafuni haina heshima. Aliagiza nyasi zikatwe, akazitandika kwa mikono yake. Halafu akakaa juu yake karibu na mafiga, akanyoosha miguu yake mibovu, akatabasamu.

Nyasi zilipokuwa mbichi, Benigna hakuwa na wasiwasi. Zilipoanza kukauka, aliogopa.

"Mae, waitu, tuziondoe nyasi hizi," alisema kwa heshima. "Cheche ikiruka, tutaungua."

"Mwanangu, kwenye msonge wa baba yangu moto uliwaka katikati na nyasi zilikuwa pande zote," alijibu Mae. "Mbona mimi nipo? Au unataka nikae kwenye udongo kama mbuzi?"

Joackim akacheka. "Mama Joanitha, wewe unaogopa hata kivuli chako."

Benigna akarudi kwenye sufuria yake. Mkwe habishani na mama mkwe mara mbili. Lakini tangu siku hiyo alipika huku macho yake yakiwa sakafuni. Kuni ikipasuka, moyo wake ulishtuka. Cheche ikiruka, aliikanyaga kabla haijatua vizuri. Chakula alichokipika kwa hofu hiyo hakikumpa hamu ya kula.

Mchana mmoja alikuwa anapika ndizi. Alitaka jani la mgomba la kufunikia sufuria. Mtoto alikuwa mgongoni. Akachukua panga, akaingia shambani kando ya jiko. Mae alibaki ndani, akimenya maharage mabichi.

Upepo wa ziwa ukavuma kwa nguvu. Benigna aliusikia kwenye majani ya migomba, akageuka kuangalia jikoni. Kisha akasikia sauti ya Mae.

"Benigna. Benigna, njoo."

Moshi ulikuwa unatoka juu ya paa. Alikimbia hadi mlangoni. Moto ulikuwa umeshika nyasi kati ya mlango na mafiga. Mae alikuwa upande wa pili wa moto, anajaribu kuinuka, na miguu inakataa. Mlango mwingine haukuwepo.

Benigna alimweka mtoto chini mbali, kwenye nyasi mbichi, akazungukia ubavuni mwa jiko. Alikata kamba za matete kwa panga lile lile. Akakata tena na tena mpaka ukuta ukafunguka. Akaingiza mikono, akamshika Mae kwapani, akamvuta nje. Paa likaanguka nyuma yao.

Majirani walikuja mbio. Walikata migomba, wakaitupa juu ya moto kwa sababu shina la mgomba limejaa maji. Wengine walimwaga udongo. Ukuta wa nyumba ulikuwa umeanza kubadilika rangi moto ulipokubali kuzimwa.

Mae alikuwa ameungua kisigino. Joackim, aliyekuwa amerudi mbio kutoka kwenye kazi zake, alitoka ndani na dawa ya meno mkononi. Jirani yao, Benadetha, akamzuia. Benadetha ni mjane anayejenga majiko ya udongo, na amewahi kuona watu wengi waliounguzwa na moto.

"Usimpake hiyo," alisema. "Wala samli, wala majivu. Mmiminie maji safi ya baridi, polepole, kwa dakika ishirini. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi, twende zahanati."

Wakafanya hivyo. Mhudumu wa zahanati aliwaambia kwamba yale maji yamesaidia sana.

Kidonda kilipona. Hofu haikupona. Mae hakutaka tena kuusogelea moto, hata wakati wa baridi. Benigna alipikia uani, kwenye mvua, na kila alipowasha kiberiti alirudi nyuma hatua moja. Joackim hakucheka tena. Alikwenda kwa Benadetha, akasimama mlangoni kama mtu aliyekwenda kuposa.

"Dada, nifundishe kujenga," alisema.

Benadetha alikuja. Alichukua konzi ya majivu kutoka jiko lililoungua, akaiachia hewani. Majivu yakaruka moja kwa moja kuelekea ukuta wa nyumba.

"Umeona?" aliuliza. "Upepo wa mchana unatoka ziwani kuja nyumbani kwako. Uliufungulia mlango."

"Nilifikiri utatoa moshi."

"Moshi unapanda juu, kwa hiyo mpe njia juu. Acha nafasi kati ya ukuta na paa. Mlango ugeuze, uupe upepo mgongo. Na iwe milango miwili, ili moto ukiziba mmoja, mtu atoke kwa mwingine."

Mae alikuwa anasikiliza akiwa kwenye kigoda. "Lakini kwenye msonge hatukuungua," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni kweli, Mae," Benadetha alijibu. "Msonge ulikuwa na mlango mfupi, na upepo haukufika kwenye moto. Tena nyasi zilibadilishwa kabla hazijakauka. Nani alizibadilisha?"

"Mimi na dada zangu. Kila siku."

"Na hapa?"

Mae aliangalia kisigino chake.

Wakajenga upya, hatua kumi kutoka kwenye nyumba, mbali na majani makavu ya migomba. Walisiliba kuta kwa udongo ndani na nje. Paa lilikuwa la mabati ya zamani, limeinuliwa juu. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa. Moto uliwekwa ndani ya jiko la udongo lililoinuliwa, si kwenye mafiga chini. Kuni zilikaa nje. Karibu na kila mlango paliwekwa ndoo, moja ya mchanga na nyingine ya maji.

Na nyasi? Benigna mwenyewe alizikata, mbichi kabisa. Akazitandika sebuleni kwa Mae, mahali pa wageni na pa heshima, ambapo hapawashwi moto.

Siku ya kwanza ya kupika, Mae alikaa nje ya mlango wa jiko. Alikataa kuingia. Joackim alimshika mtoto. Benigna aliwasha moto, akarudi nyuma hatua moja. Upepo wa ziwa ukaanza kuvuma, ukapiga ukuta wa nyuma, ukapita. Moshi ukatoka juu.

Kisha kuni ikapasuka. Kaa jekundu likaruka, likaanguka sakafuni.

Benigna aliinua mguu alikanyage, kama alivyozoea, halafu akauzuia. Wote walilitazama kaa lile kwenye udongo mtupu. Liliwaka kidogo. Likawa jeusi. Likazimika lenyewe.

Mae alishusha pumzi ndefu.

"Mwanangu," alimwambia Benigna, "nisogezee kigoda changu humo ndani. Na uniletee maharage nimenye."