Pumzi Ikishatoka

"Yule mwanamume wako wa udon kafa, au kaoa?"

Bi Haraguchi, jirani yake, aliwahi kumuuliza hivyo Fumie wakianika nguo. Fumie alibana shuka, akajibu hajui. Moyoni, majibu yote mawili yalikuwa na uzito mmoja.

Fumie na mwanamume huyo walikutana stesheni ya treni ya Tosu, Japani, asubuhi ya msongamano, kwenye kibanda ambacho Fumie, mjane, aliuza tambi za udon kwa supu ya kuku. Tadanori, koti la kijivu na tai ya zambarau, alichukua kimakosa bakuli la mtu mwingine akalimaliza. Kesho yake akaja kuomba radhi, na kesho yake tena, mpaka akawa anapiga simu jioni.

"Bibie, leo supu ilizidi chumvi. Ulikuwa unaniwaza?"

"Nilikuwa namuwaza kuku."

Kisha akapotea. Simu ikilia, namba ni yake, lakini Fumie alisikia pumzi tu: ndani, nje, kimya. Akaona anachezewa, akaacha kupokea. Kila asubuhi, kwa desturi ya kwao, aliweka wali mbele ya picha ya marehemu mumewe, akagonga kikengele, asiombe kitu.

Majani yalipogeuka mekundu, Tadanori akatokea kauntani. Koti lilelile, sasa linampwaya. Alieleza kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Saratani ya ini. Madaktari waliiunguza kwa sindano ya moto, wakauziba mshipa unaoilisha, bado ipo palepale. Sasa wataipiga kwa miale ya chembe zinazorushwa kasi. Ini hupanda na kushuka na pumzi, kwa hiyo mashine hungoja. Hupiga pumzi ikishatoka tu. Alitakiwa ajizoeze kupumua sawasawa.

"Nikiwa peke yangu napumua ovyo," alisema. "Nikisikia 'halo' yako, natulia."

"Ungesema."

"Ungenihurumia."

"Ningekukaripia."

Tadanori aliviweka vijiti juu ya bakuli ambalo hakuligusa.

"Leo daktari ananieleza hiyo tiba kwa kirefu, kabla hawajaianza. Kasema nije na mtu wa familia. Nikamwambia yupo. Nimedanganya, Fumie?"

Fumie hakusikia furaha wala hofu. Vidole tu vilikuwa baridi, ingawa mvuke ulikuwa ukimpiga usoni. Akafunika sufuria. Akampa upawa msaidizi wake wa kibandani, akavua aproni, akaikunja mara mbili. Kisha akauchukua mkoba wa Tadanori kauntani, akainama chini ya pazia la kibanda, akatoka mbele yake.