Mistari Saba Myekundu

Jua lilikuwa linazama mtafiti alipopita kwa wifi yake kuchukua ufunguo wa pango. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu: kubadilisha chupa iliyokinga matone ya pangoni, kisha arudi zake nyumbani. Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyelinda pango, kazi aliyoachiwa na mama yake. Watu walimwita Mama Funguo.

"Hata chai hunywi, wifi?"

"Nitakunywa nikirudi."

Mama Funguo akautoa ufunguo lakini hakuuachia. "Ile mistari myekundu kwenye jiwe lako," akauliza taratibu, "umehesabu mingapi?"

Mtafiti akaurudisha mkono.

Miaka miwili nyuma alikata nguzo moja ya chokaa mle pangoni, zile zinazojengwa na matone, unene wa unywele kwa mwaka. Maabarani aliipasua akaisoma kama kitabu. Tabaka nene, mvua za msimu zilikuwa nyingi. Tabaka jembamba, ukame. Maelfu ya miaka ya mvua ndani ya jiwe lenye urefu wa mkono. Lakini kila ukame mkubwa ulikoma ghafla, na pale ulipokoma palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mara saba. Fundi wa maabara alimpigia simu, sauti ameishusha: "Dada, hii si kutu. Ni damu." Wakakubaliana wanyamaze kwanza. Hakumwambia hata mumewe.

"Nani amekwambia?"

"Saba, sivyo?" Mama Funguo akauachia ufunguo. "Na huu ni mwaka wa nne bila mvua. Haya, nenda, giza lisikukute."

Njiani alijipa moyo. Pengine fundi ana mdomo mwepesi. Pengine wifi alipekua karatasi zake siku ile alipolala kwao...

Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Akafungua, akawasha tochi, akainama kuingia.

Harufu ikampokea. Harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Na nje vumbi lilifika vifundoni.

Tik... tik... tik...

Kwa ukame ule, tone moja lilikuwa likichukua robo saa. Sasa matone yalidondoka kama mlio wa saa ya ukutani. Chupa imefurika. Akaigusa.

Vuguvugu.

Akamulika kisiki cha nguzo aliyoikata. Alikiacha sawasawa na sakafu.

Kilikuwa kimefika magotini.

Jiwe bichi, jeupe, linang'aa. Juu yake doa jekundu, halijakauka. Kwenye tope, nyayo za miguu mitupu. Zimeingia za watu wawili.

Zimetoka za mmoja.

Nyayo za aliyebaki zilikuwa kubwa, kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwa ndani. Alizijua. Kila asubuhi alizifuta kwenye sakafu ya bafu lake.

"Mume wangu..." akanong'ona.

Matone yakanyamaza. Kama vile kuna kitu kimetega sikio.

Kisha, huko nje, radi.

Alikimbia mvua ikimchapa mgongoni. Nyumbani taa ilikuwa inawaka. Mumewe ameketi mezani, mzima, kiganja kimefungwa kitambaa. Kando yake Mama Funguo, nguo zake kavu.

"Mkono umefanyaje?"

Mume akamtazama dada yake kwanza. "Kisu."

"Na mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Mwache, wifi," Mama Funguo akasema. "Amechoka."

Mvua ilinyesha siku tisa, mji mzima ukashangilia. Mtafiti hakupata usingizi. Sauti ya mumewe ilikuwa ile ile, mizaha yake ile ile, hata kukoroma. Ila ngozi yake ilikuwa baridi, na jasho lake likikauka liliacha unga mweupe kwenye mto. Siku ya kumi aliukusanya kwenye bahasha, akaupeleka kwa fundi bila kumweleza umetoka wapi.

Simu ikaja baada ya wiki tatu.

"Dada, chokaa hii nimeipima mara mbili. Ni ya zamani kuliko jiwe letu lote." Fundi akasita. "Umeitoa pango gani?"

Aligeuka. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, haijulikani tangu saa ngapi.

"Kata simu, mke wangu," akasema kwa upole.

Akaikata.